KUOMBA KOMPYUTA BILA KUJENGA CHUMBA

Mazungumzo yaliyotolewa na mwanafunzi wa zamani wa shule hii, ambaye sasa ni Afisa TEHAMA katika utumishi wa umma, mbele ya mkutano wa mwaka wa Umoja wa Wanafunzi wa Zamani, Kyela



Kamati iliponiandikia barua ilinitaka nizungumze juu ya "kompyuta na maendeleo". Naishukuru kwa heshima hiyo, lakini nimeipunguza mada. Maendeleo ni neno pana, na mtu akipewa nusu saa azungumze juu ya neno pana atawalaza wasikilizaji. Nimechagua jambo moja tu linalonilisha mimi na watoto wangu kila siku. Nalo ni hili: jinsi ofisi inavyoweza kuomba kompyuta kwa kujaza fomu kwenye skrini, ikapewa ndani ya dakika chache, ikaitumia, ikaikuza au kuipunguza, na mwisho ikairudisha, bila mtu yeyote wa ofisi hiyo kuigusa kwa mkono wala kujua imekaa katika kabati gani.

Ninayo sababu ya kulichagua. Katika ajenda za mchana huu limo pendekezo kwamba Umoja wetu uchange fedha na kuinunulia shule kompyuta kubwa, yaani seva, ili itunze kumbukumbu za wanafunzi na kuhifadhi vitabu vya masomo. Ni pendekezo la watu wenye moyo mwema. Lakini fedha zitakazochangwa ni za wakulima wa mpunga na kokoa, za walimu, za madereva na za wavuvi, na kabla hazijatoka mfukoni yafaa tujue tunanunua nini, na kama kuna njia nyingine. Mimi nitaeleza kazi ilivyo, kisha nitatoa ushauri wangu. Uamuzi ni wa mkutano.

TULIKOTOKA

Kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa mali ya kujengewa chumba, kuwekewa kipoza hewa na kukabidhiwa wataalamu wachache. Mambo hayakwenda kama yalivyotarajiwa, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Masharti hayo yalilegezwa miaka ya baadaye. Wapo leo wanaolicheka katazo lile. Mimi silicheki. Nchi changa ilikuwa imeona fedha za kigeni zikiingia katika mashine ambayo haikutoa kazi iliyolingana na gharama yake, ikasema basi. Swali lililoulizwa wakati ule ndilo tunalopaswa kuliuliza mchana huu: kitu hiki kitatufanyia kazi gani, na nani atakitunza?

Wakati huo huo, huko Marekani, wahandisi wa kampuni ya IBM katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, walikuwa wanahangaika na tatizo la aina nyingine. Mashine zao zilikuwa kubwa na ghali mno, na mtu mmoja hakuweza kuimaliza nguvu ya mashine moja. Katika miaka ya 1960 walibuni namna ya kuigawa mashine moja ionekane kama mashine nyingi, na kila mtumiaji akaona kama anayo ya peke yake. Mwaka 1972 IBM ilitoa programu ya kazi hiyo kwa wateja wake. Kwa hiyo wazo hili, ambalo vijana wanalidhani ni la jana, lina umri mkubwa kuniliko mimi.

Lililobadilika ni kwamba limeshuka bei. Mwaka 1999 kampuni ya VMware ilitoa programu iliyowezesha kompyuta za kawaida za mezani kugawanywa vivyo hivyo. Mwaka 2006 kampuni ya Amazon ilianza kukodisha mashine za namna hiyo kwa saa, kwa yeyote mwenye kadi ya benki. Na mwaka 2007 uwezo wa kugawa mashine uliingizwa ndani ya Linux, ambayo ni programu huria isiyolipiwa. Tangu hapo hata ofisi yenye fedha kidogo iliweza kufanya lililokuwa la matajiri.

MASHINE PEPE NI NINI

Wanafunzi, mnaijua barua pepe: ni barua kweli, inasomeka, inajibiwa, lakini haina karatasi. Na mashine pepe ni kompyuta kweli. Ina prosesa, ina kumbukumbu, ina diski, ina anwani yake katika mtandao, inawashwa na kuzimwa. Lakini haina chuma cha peke yake. Chuma ni kimoja, kikubwa, na ndani yake zimo mashine pepe nyingi, kila moja ikiwa na mfumo endeshi wake na shughuli zake. Programu inayozigawia nguvu na kuzizuia zisiingiliane huitwa haipavaiza.

Sisi wa kando ya ziwa tuna mfano wa karibu. Meli za MV Ruvuma na MV Njombe ziliundwa kila moja ibebe tani 1,000 za mizigo. Mfanyabiashara wa Kyela mwenye magunia 40 ya mchele wa kupeleka Mbamba Bay haundi meli. Anakwenda bandarini, anaomba nafasi, mizigo yake inapimwa na kuandikwa, analipia nafasi aliyoichukua, na ikifika inashushwa. Nafasi hiyo inapewa mwingine. Meli, injini, nahodha na mafuta ni shauri la mwenye meli. Magunia ni shauri lake mwenyewe: kama aliyafunga vibaya yakamwagika, asimlaumu nahodha. Shikeni mfano huo, maana nitaurudia.

Lakini inakuwaje chuma kimoja kiwatosheleze wengi? Tufanye hesabu ya darasani. Chukueni seva yenye RAM ya gigabaiti 256 na viini 32 vya prosesa. Tuiachie haipavaiza gigabaiti 16 kwa kazi zake, zibaki 240. Kila mashine pepe tukiipa gigabaiti 8, tunapata mashine 30. Kila moja tukiipa viini 2, tumegawa viini 60, na vilivyopo ni 32! Je, tumewadhulumu watu? Hapana. Fikirini mashine ya kukoboa mpunga pale sokoni. Nyumba nyingi zinaitegemea hiyo moja, na inatosha, kwa kuwa hazikoboi zote saa ile ile. Mashine za ofisi nazo muda mwingi hukaa zikingoja. Ila mwenye mashine akikaribisha nyumba nyingi kupita kiasi, siku ya mavuno foleni itafika barabarani. Kupima kiasi hicho ndiyo kazi ya mtaalamu.

DIRISHA LA KUOMBEA

Sasa nije kwenye kiini cha mazungumzo. Kuigawa mashine ni jambo moja. Kumfikishia mwenye haja ni jambo jingine.

Utaratibu wa zamani mnaujua ninyi mliofanya kazi serikalini. Afisa anaandika dokezo katika jalada. Jalada linapanda kwa mkuu wa idara, linarudi likiwa na swali, linapanda tena. Linakwenda kwa mhasibu kuthibitisha kasma, linakwenda kwenye ununuzi, zinaitwa bei kutoka kwa wazabuni, inatolewa LPO, kifaa kinaletwa, kinapokelewa stoo, kinaandikwa katika leja. Nimewahi kuona kazi ya wiki mbili ikisubiri kompyuta kwa miezi mingi, na kompyuta ilipofika, kazi yenyewe ilikuwa imepitwa na wakati.

Katika utaratibu mpya, taasisi inanunua chuma kwa pamoja, mara moja baada ya miaka kadhaa, na ununuzi huo unafuata sheria zote. Kisha nguvu ya chuma hicho inapangwa katika orodha ya huduma, au katalogi, ambayo mtumishi anaifungua kwenye skrini na kujihudumia. Orodha hiyo inafanana na ubao wa hoteli ulioandikwa wali samaki, wali maharage, ndizi nyama. Huombi kitu ambacho jikoni hakipo.

Mambo yanayoulizwa hutofautiana kidogo kati ya mahali na mahali, lakini mengi ni haya.

La kwanza ni kiolezo. Unachagua mashine ambayo tayari imewekewa mfumo endeshi, imesahihishwa na kufungwa milango isiyohitajika. Faida yake ni kwamba mashine 30 zilizotoka katika kiolezo kimoja zinafanana, na kasoro ikigundulika, fundi anajua mahali pa kuitafuta katika zote. Kila mtu akijiundia ya kwake, fundi atakuwa mganga wa magonjwa 30.

La pili ni ukubwa. Kwa kawaida zimo saizi tatu au nne. Ndogo yaweza kuwa na viini 2, RAM ya gigabaiti 4 na diski ya gigabaiti 50. Ushauri wangu siku zote ni kuanza na ndogo. Kuongeza ni kazi ya dakika chache, lakini sijamwona bado mtumishi aliyekuja kwa hiari yake kusema kwamba amepewa nyingi mno, apunguziwe.

La tatu ni mtandao. Je, mashine hii itaonekana na dunia nzima, au na watu wa ofisini tu? Isiyo na sababu ya kuonekana nje isionekane. Nyumba yenye milango mingi ina kazi nyingi usiku.

La nne ni kazi yake na mwenye kazi. Hapa unaandika mashine ni ya nini, kama ni ya majaribio au ya kuhudumia wananchi, itabeba taarifa za siri au za kawaida, na nani anawajibika. Majina yawe mawili, kwa sababu watumishi huhamishwa, huugua na hustaafu.

La tano ni tarehe ya mwisho. Unaitaka mashine kwa siku 30, 90, au mwaka? Tarehe ikikaribia mfumo unakuandikia. Ukijibu kwamba bado unaihitaji, unaongezewa. Usipojibu, inazimwa, na baada ya muda wa kungoja inafutwa.

La sita ni fungu litakalobeba gharama. Hata pale ambapo fedha haihami kutoka mkono hadi mkono, ni vizuri kila idara ijue inatumia kiasi gani.

Ukimaliza, ombi dogo lililo ndani ya mgao wa idara yako hukubaliwa na mfumo wenyewe. Kubwa humwendea mkuu, naye anaidhinisha kwa kubonyeza kitufe, na jina lake na saa yake vinaandikwa. Baada ya hapo hakuna mkono wa mtu. Mfumo unatafuta chuma chenye nafasi, unanakili kiolezo, unaipa mashine jina na anwani, unaiandika katika rejista, na unakuletea ujumbe kwamba iko tayari. Nimekwenda kunywa chai nikarudi nimeikuta.

KUITUNZA ULIYOPEWA

Ndugu zangu, hapa naomba msikilize kwa makini zaidi, kwa sababu shida nyingi nilizoziona kazini hazikutokana na kuomba. Zilitokana na kutunza.

Katika dirisha lile lile unapewa vitufe: kuwasha, kuzima, kuanzisha upya, kuongeza nguvu, kupiga picha ya hali ya mashine, kuirudisha kwenye hali ile, kuongeza muda, na kufuta. Picha ya hali ni jambo la manufaa sana. Kabla hujabadilisha programu unaipiga, na mambo yakiharibika unarudi ulipokuwa. Lakini picha hiyo si nakala ya akiba. Mara nyingi hukaa katika hazina ile ile ilimo diski ya mashine yenyewe. Hazina ikiungua, vyote viwili vimekwenda. Mtu anayeweka ufunguo wa akiba ndani ya nyumba ile ile aliyoifunga atalala nje. Nakala ya akiba ikae mahali pengine, na ijaribiwe kurudishwa, maana nakala ambayo haijawahi kurudishwa ni tumaini tu.

Pia mtu asidhani kwamba mashine iliyozimwa haili kitu. Imeacha kutumia prosesa na kumbukumbu, lakini diski yake bado imekalia nafasi, kama magunia yaliyoachwa ghalani bandarini.

Halafu kuna mpaka wa wajibu. Mwenye kituo anaangalia umeme, ubaridi, chuma na haipavaiza. Mwombaji anaangalia mfumo endeshi wake, masahihisho ya usalama, maneno ya siri, na nani ameruhusiwa kuingia. Ndiyo habari ya nahodha na magunia. Wengi wanadhani wakishasema "iko kwenye wingu" wamemaliza. Hakuna wingu, jamani. Kuna kompyuta iliyo katika chumba cha mtu, na mkataba unaosema nani anafanya nini.

Jambo zito kuliko yote ni kusahau. Fomu ya karatasi ilikuwa mbaya kwa kuchelewesha, lakini ilikuwa na wema mmoja: hakuna aliyeomba kompyuta kwa mzaha. Mashine inapopatikana kwa dakika chache, watu huziomba ovyo. Katika ofisi moja niliyowahi kuitumikia, ambayo sitaitaja, tulipopekua rejista tulikuta mashine iliyoitwa "jaribio la pili". Aliyeiomba alikuwa ameshahamishiwa mkoa mwingine. Hakuna aliyejua inafanya nini, na kwa hiyo hakuna aliyethubutu kuizima. Kwa muda wote huo haikuwa imesahihishwa hata mara moja, na ndani yake mlikuwa na nakala ya majina na namba za simu za wananchi, zilizowekwa kwa ajili ya majaribio. Mwizi asingehitaji kuvunja mlango wa mbele. Dirisha la nyuma lilikuwa wazi.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema pia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Rejista ndiyo daftari, na tarehe ya mwisho ndiyo jembe. Mashine ikikaa bila kazi, ipewe kazi au iage. Ndiyo maana siwaonei huruma wale wanaolalamika kwamba fomu inawalazimisha kuandika tarehe. Kuomba kumekuwa rahisi, na haifai kuacha nako kuwe rahisi kiasi cha kutoulizwa.

HAPA NCHINI

Msidhani haya ni mambo ya ng'ambo tu. Tanzania ina Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009. Tuna Kituo cha Taifa cha Data kilichopo Kijitonyama, Dar es Salaam, kinachosimamiwa na TTCL, ambako taasisi na kampuni hupangisha nafasi na mashine. Wakala ya Serikali Mtandao ilianzishwa mwaka 2012, na kwa Sheria ya Serikali Mtandao, Namba 10 ya mwaka 2019, ikawa Mamlaka. Chini ya sheria hiyo miradi ya TEHAMA ya taasisi za umma inapita kwa Mamlaka kwanza, ili kila ofisi isijijengee chumba chake, seva yake na hasara yake.

Matunda yake mnayaona bila kuyaita jina. Mfumo wa malipo ya Serikali wa GePG ulianza kutumika mwaka 2017. Mwananchi wa Ipinda au Matema anapopata namba ya malipo katika simu yake na kulipa bila kupanda gari, nyuma ya namba hiyo zipo kompyuta za mbali zinazofanya kazi kwa pamoja. Watu wa kale wa ofisi za wilaya wanakumbuka hali ya awali: seva chini ya meza, feni ikiipuliza, na karatasi iliyobandikwa "usizime". Hapa Kyela tunajua mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo inavyojaa masika na maji yanavyoingia majumbani. Kumbukumbu ya pekee ya ofisi ikikaa sakafuni katika nchi ya mafuriko, hiyo si akiba, ni bahati nasibu.

Hata hivyo tusijidanganye kwa upande wa pili. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikadorora vibaya nchini mwetu na kwa majirani. Ofisi ambazo mashine zao zilikuwa ng'ambo zilikaa zikitazama skrini. Waliokuwa na mashine ndani ya nchi na njia ya ndani ya kuzifikia walikuwa na nafuu. Tena, anayekodi kwa kampuni ya nje analipa kwa dola, na shilingi ikiteleza, kodi inapanda bila yeye kuongeza hata gigabaiti moja. Mnakumbuka msemo wa nguo ya kuazima. Sitaumalizia mbele ya watoto. Kukodi kuna faida, lakini mtu ajue anakodi kwa nani, wapi, kwa fedha gani, na umeme au mtandao ukikatika atafanya nini.

Lingine ni sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Alama za mwanafunzi, jina la mzazi wake, namba ya simu na habari za afya yake ni taarifa binafsi. Mwenye kuzikusanya anawajibika kwazo, ziwe katika jalada, katika seva ya shule au katika mashine ya kukodi.

USHAURI WANGU KWA UMOJA

Sasa nitoe ushauri niliouahidi. Ninashauri tusinunue seva kubwa.

Bei ya seva ni mwanzo tu wa gharama. Nyuma yake kuna betri za akiba, kipoza hewa, chumba kikavu chenye kufuli, bili ya umeme, na juu ya yote fundi. Kila baada ya miaka mitano hivi chuma kinazeeka na mchango unaanza upya. Shule yenye wanafunzi mia kadhaa haiwezi kuimaliza nguvu ya mashine hiyo, kama vile yule mwenye magunia 40 asivyoweza kuijaza meli.

Badala yake nashauri mambo matatu.

Kwanza, vitabu na masomo vibaki hapa hapa shuleni. Kompyuta moja ya kawaida yenye diski kubwa yatosha kuhifadhi vitabu na ensaiklopidia zinazosomeka bila intaneti. Wanafunzi watazifikia kwa waya au redio ya ndani ya shule, hata siku ambayo mikongo yote ya bahari imekatika. Ikiharibika, inanunuliwa nyingine na vitabu vinanakiliwa upya; hakuna siri iliyopotea.

Pili, kumbukumbu za shule na rejista ya Umoja wetu ziwekwe katika mashine pepe moja, ndogo, ya kukodi, ndani ya nchi, na inayolipiwa kwa shilingi. Iandikwe majina mawili ya wenye kuwajibika, mmoja mwalimu na mmoja wa Umoja. Tarehe ya mwisho iwe siku ya mkutano wetu wa mwaka, ili kila mwaka mkutano uulize: bado tunaihitaji? Na kila wiki nakala yake ishushwe katika diski ifungiwe kabatini kwa Mkuu wa Shule, kabati la juu, si la chini. Yeyote atakayechaguliwa asipewe kazi hiyo kwa kuwa ana gari au cheo. Apewe kwa kuwa anajibu barua.

Tatu, fedha itakayobaki inunue kompyuta za maabara kwa ajili ya wanafunzi. Hapo ndipo penye faida kubwa kuliko zote.

KWA WANAFUNZI

Ninyi vijana msidhani ili kujifunza kazi hii mnahitaji kituo cha data. Programu ya VirtualBox hupatikana bila malipo, na kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 8 itabeba mashine pepe ndogo moja au mbili. Wekeni Linux ndani yake. Iharibuni, mpige picha ya hali, mrudi nyuma, mjaribu tena. Hakuna mwalimu atakayewadai gharama, kwa sababu mlichoharibu hakina chuma. Mwanafunzi wa udereva hapewi basi la abiria siku ya kwanza, lakini mwanafunzi wa kompyuta anaweza kupewa mtandao mzima wa kuchezea, ndani ya kompyuta moja ya maabara.

Na mkishaweza kuunda mashine, anzisheni daftari. Andikeni jina la mashine, nani kaiomba, ya kazi gani, inakwisha lini. Mtaona ni jambo dogo na la kuchosha. Nawaambia kwa uzoefu wa kazi kwamba wanaojua kuwasha mashine ni wengi, na wanaolipwa vizuri ni wale wanaoweza kueleza kila mashine iliyowashwa ni ya nani.

Kuna hofu nyingine ningependa kuiondoa. Baadhi yenu mnafikiri kazi hizi ni za watoto wa Dar es Salaam. Kazi ya kusimamia mashine zisizoonekana haiulizi msimamizi amekaa mji gani. Kinachoulizwa ni hesabu, Kiingereza cha kusomea vitabu vya kazi, Kiswahili cha kumweleza mwananchi, na uaminifu. Hivyo vinne mnavyo hapa, chini ya milima ya Livingstone, na sisi tulivipata katika vyumba hivi hivi.

Ndugu Mwenyekiti, nimekwisha. Wenzangu wanaolipenda pendekezo la seva wasinione mpinzani. Nataka shule ipate kilicho bora, kama wao wanavyotaka. Mchana tutakapolijadili, nipo tayari kuulizwa swali lolote, na hesabu zangu nimeziandika katika karatasi ambayo nitamkabidhi Katibu.